Ligonge jiwe kwanza, ulisikilize

Ukurasa wa Karakana: Maalim anajibu barua za wasomaji

*Maalim, shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, nnajifunza kuunda vyombo kwa ami yangu. Ami kanipa grenda yake ya meza ya inchi 8, ile yenye mawe mawili, tunayonolea tezo na patasi. Jiwe la kushoto limemeguka ukingoni, naye kanikataza kuiwasha mpaka nilibadilishe. Nikaagiza Darajani, nikaletewa kwa boti jiwe jeupe lililoandikwa WA 60 K V, 200 x 25 x 32, 35 m/s. Sasa yamenishinda mambo matatu. Tundu la jiwe ni kubwa mno, shafti yangu ina milimita 16 tu. Rafiki yangu ananishauri niizungushie tepu ya umeme mpaka ijae. Nati ya kushoto haifunguki, nimeongeza bomba kwenye mpini wa spana na bado. Halafu jiwe lilikuja na karatasi za duara zimegandishwa pande zote mbili, nikazibandua ili likae vizuri kwenye chuma. Nimefanya sawa? Na hili jeupe linatufaa, maana la zamani lilikuwa la kijivu?*

*Msomaji, Wete*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia Jumatatu na jibu nimeliandika usiku uleule, kwa sababu ya hiyo tepu. Usiizungushe. Ikiwa umeshaizungusha, nenda kaitoe sasa hivi, uendelee kusoma ukirudi.

Sote tunaliita jiwe, na jina hilo linatudanganya tukadhani lina ugumu wa jiwe la ufukweni. Hilo ulilonalo ni chembe kali zilizochanganywa na udongo, zikashindiliwa kwenye kalibu, kisha zikachomwa kwenye tanuri. Ile V ya mwisho ndiyo inayotangaza hivyo: kinachozishika chembe ni udongo uliochomwa. Kwa hiyo mkononi mwako una chungu. Na chungu hustahimili kugandamizwa sawasawa pande zote, lakini ukikibana mahali pamoja au ukikivuta, hupasuka. Chungu hichi wewe utakizungusha kiasi cha mara 2,850 kwa dakika. Ukingo wake utakwenda karibu mita 30 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na muda wote huo kila chembe inavutwa itoke nje.

Mwaka 1989 nilikuwa na umri kama wako, nikifanya kazi kwenye karakana moja hapa Unguja. Asubuhi moja jiwe jipya lilidondoka kutoka mezani likapiga sakafu ya saruji. Nikaliokota, nikaligeuza huku na huku, sikuona ufa, nikalirudisha mezani wala sikumwambia mtu. Alasiri mwenzetu akalifunga, akawasha, akainama mbele yake kusubiri lipate mwendo. Liligawanyika mapande matatu. Moja lilitoboa bati la paa. La pili lilipinda kifuniko cha mashine. La tatu lilimpata juu ya jicho la kulia. Alipona, alhamdulillahi, lakini jicho lile halikuona tena. Tangu siku ile sijalifunga jiwe ambalo sijalisikiliza, na wanafunzi wangu wote niliwafundisha hilo kabla sijawafundisha kushika tupa.

Kulisikiliza ni hivi. Mama yangu alipokuwa akinunua vyungu sokoni, alikuwa akikining'iniza kimoja kimoja kwa kidole na kukipiga kwa kifundo cha mkono wa pili. Kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama jicho halioni kitu. Na jiwe lako lifanyie vivyo hivyo. Lipanguse vumbi, liwe kavu kabisa, kwa sababu lililonyonya maji halilii vyema hata likiwa zima. Lipitishe kidole tundu­ni lining'inie. Chukua bisibisi yenye mpini wa mbao, ulipige kwa mpini taratibu, sentimita tatu au nne kutoka ukingoni, kushoto na kulia kwa mstari wa katikati, si juu kabisa wala si chini kabisa. Kisha lizungushe kidogo, upige tena. Rudia upande wa pili. Ukisikia mlio safi kama wa kengele ndogo, endelea. Ukisikia "dup", usilifunge, usilirudishe dukani likauzwa kwa mwengine, livunje kwa nyundo. Jiwe lako limetoka Darajani, likapanda boti, likashushwa Pemba, likapakiwa gari. Hujui limerushwa na mikono mingapi. Lipime ulipolipata, na ulipime tena siku ya kulifunga.

Sasa tundu. Namba 200 x 25 x 32 ni upana wa jiwe, unene wake na upana wa tundu, zote kwa milimita. Shafti yako ni 16, kwa hivyo kuna nafasi ya milimita 8 kila upande. Tepu haiwezi kuijaza nafasi hiyo sawasawa. Italiweka jiwe nje ya katikati, na jiwe lililo nje ya katikati huirusha mashine nzima. Halafu tepu hupata moto, hulainika, na jiwe huhama likiwa kwenye mwendo. Kinachotakiwa ni bushi: pete za plastiki zinazoingiana, 32 kwa 25, 25 kwa 20, 20 kwa 16. Mawe mengi huuzwa nazo ndani ya boksi, na wauzaji huzitupa au huzisahau. Mwambie uliyemwagiza arudi dukani aulize boksi lake. Zikikosekana kabisa, mpelekee fundi wa lathe, ile mashine ya kuchongea chuma kwa kukizungusha, akuchongee bushi moja ya alumini, na umpe masharti mawili. Tundu la ndani liwe katikati hasa ya duara la nje. Na urefu wa bushi upungue kidogo kuliko unene wa jiwe, milimita 24 badala ya 25, kwa sababu bushi ikitokeza nje, nati itaibana bushi na jiwe litabaki halijashikwa na kitu. Jiwe liingie kwa kuteleza. Likihitaji kupigwa nyundo ili liingie, halikuingia.

Nati isiyofunguka, mwanangu, ulikuwa ukiikaza. Nati ya kulia ina meno ya kawaida, ya kushoto ina meno ya kinyume, ili jiwe likianza kuzunguka au likikwaruzana na chuma nati izidi kujibana badala ya kulegea. Sikutaki ukariri kushoto na kulia, maana mtu huchanganyikiwa anapohamia upande wa pili wa meza. Shika hili: chomoa plagi, simama mahali unaposimama kunoa, iweke spana juu ya nati ikiwa imesimama wima. Kufungua, ivute ije kwako. Kukaza, isukume iende mbele. Ni sawa kwa nati zote mbili. Jiwe la pili lishikwe na mwenzio kwa kitambaa kinene. Na kwa kuwa uliongeza bomba, ukishafungua tazama meno ya shafti kama hayakulika, na lile jiwe la zamani usiliweke akiba hata ule upande usiomeguka.

Ukilitoa jiwe utaziona flenji, zile sahani mbili za chuma zinazolibana huku na huku. Hizi ndizo roho ya kazi yote. Lazima ziwe sawa kwa upana, na kila moja isipungue thuluthi ya upana wa jiwe. Kwa jiwe lako, isipungue milimita 67. Zigeuze uone matumbo yake: zimechimbwa katikati ili ziguse jiwe kwa ukingo wa nje tu, mbali na tundu, kwa kuwa karibu na tundu ndipo jiwe linapovutwa zaidi. Zisugue kutu, hewa yetu ya bahari hailei chuma, na uhakikishe hazikupinda. Nimeona kwenye mabanda ya watu flenji imepotea na badala yake imewekwa washa mbili za boliti. Washa hubana pale pale karibu na tundu, pasipotakiwa kubanwa. Mashine ya namna hiyo usiiguse hata ukiombwa na mtu mzima unayemheshimu.

Na karatasi ulizozibandua? Hapana, hukufanya sawa, lakini kosa hili linarekebishika. Uso wa jiwe una vichembe vilivyotokeza na uso wa chuma ni mgumu. Zikikutana vivi hivi, mkazo wote wa nati huangukia vichembe vichache, na hapo ndipo ufa huanzia. Karatasi ni mto wa kugawa mkazo huo. Zikiwa hazikuchanika, zirudishe mahali pake, moja kila upande. Zikiwa zimeharibika, kata nyengine kwa karatasi nene na laini, unene wa nusu milimita hivi, duara lake kubwa kidogo kuliko flenji. Karatasi moja tu kila upande, usirundike.

Panga hivi basi: flenji ya ndani, karatasi, jiwe na bushi yake, karatasi, flenji ya nje, nati. Kaza kwa spana ya kawaida mpaka jiwe lishikike, hapo acha. Lizungushe kwa mkono uone kama linayumba. Rudisha kifuniko. Sogeza kile kiegemeo cha kuwekea chombo mpaka kibaki milimita 3 kutoka kwenye jiwe, na ule ulimi wa juu wa kifuniko ubaki milimita 6. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, ncha ya patasi huzama kati ya jiwe na kiegemeo, na mara nyingi kinachopasua jiwe zima ni hicho. Jiwe litapungua kadiri unavyonoa, kwa hiyo kiegemeo utakisogeza tena na tena, lakini kila mara mashine ikiwa imezimwa na imesimama.

Siku ya kwanza, simama pembeni ya mashine, usisimame mbele ya jiwe, na watoto wawe nje ya banda. Washa, acha izunguke dakika nzima peke yake. Ikitetemeka, zima. Jiwe jipya mara nyingi huwa na yumbayumba ndogo ambayo huondolewa kwa dresa, kile chombo chenye magurudumu ya meno au ncha ya almasi, unachokipitisha kwenye uso wa jiwe mpaka ukae duara na sawa. Ikiwa mtetemeko ni mkubwa, fungua upange upya; usiukate kwa dresa mtetemeko unaotoka kwenye bushi mbovu.

Hujauliza kuhusu mwendo, nami naona ulimi unakuwasha kwa ile 35 m/s. Hiyo ni mita 35 kwa sekunde, mwisho wa mwendo wa ukingo. Kwa jiwe la milimita 200 ni kama mizunguko 3,340 kwa dakika, na mashine yako haifiki huko, umesalimika. Lakini wapo wanaoondoa kifuniko ili waingize jiwe la inchi 10 kwenye mashine kama hiyo. Jiwe la milimita 250 kwa mizunguko 2,850 huenda mita 37 kwa sekunde, limeshavuka mpaka wake kabla halijaguswa na chuma. Umeme wenyewe usikutie hofu. Pemba tangu 2010 mnapata umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari, hezi 50 kama wetu wa Unguja, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde, na mwendo wa mota hizi hufuata hizo hezi. Umeme ukipanda au ukishuka voliti, mota inaweza kuungua lakini haitakimbia kupita kiasi. Jenereta ndogo ndiyo ya kuangalia, maana ikichochewa mafuta hezi zake hupanda, na jiwe nalo hupanda.

Ama weupe wa jiwe, umepata jiwe jema kuliko lile la zamani. WA ni oksidi ya alumini nyeupe. Chembe zake hukatika upesi na kutoa ncha mpya, kwa hiyo halipashi chuma moto sana, na tezo na patasi ndicho zinachokihitaji. Namba 60 ni ukubwa wa chembe: 36 ni kubwa, ya kula chuma haraka, 120 ni ndogo, ya kumalizia. Herufi K ni ushikaji wake. Herufi za mwanzo huachia chembe upesi, za mwisho hung'ang'ania. Chuma kigumu hutaka jiwe linaloachia, chuma laini hutaka linaloshika. Watu wengi hudhani ni kinyume chake. Lile la kijivu la kulia liache hapo hapo, litakufaa kwa majembe, mapanga na misumari ya kuundia. Hata kwenye jeupe, gusa na uondoe, na kopo la maji liwe karibu. Patasi ikigeuka rangi ya majani makavu imeshafika nyuzi 220 au 230. Ikigeuka buluu inakaribia 300, ugumu umeondoka sehemu ile, na itabidi uikate yote mpaka uikute rangi ya chuma tena. Na nolea usoni mwa jiwe tu. Ubavu wake haukutengenezwa kusukumwa.

Msalimie ami yako. Kukukataza kwake kuiwasha ndiko kulikokufanya uniandikie ukiwa mzima.

*Maalim, mwanangu wa miaka 17 hunoa mapanga na mundu za watu kwa grenda hapa nyumbani. Nimemnunulia glavu nzito za ngozi zisije cheche zikamuunguza, naye hazitaki kabisa. Tumegombana. Nani mwenye haki?*

*Mama wa watoto, Makunduchi*

Mwanao, Bi mkubwa, na niwie radhi. Cheche za grenda ya meza huchoma kidogo tu na kupoa. Glavu ikikamatwa kati ya jiwe na kiegemeo huvuta kidole, na mkono ukafuata. Hali ni hiyo hiyo kwa mikono mipana ya kanzu, ncha ya kikoi inayoning'inia na mtandio wa dada anayepita kuangalia. Avae shati la mikono mifupi au iliyofungwa vyema. Glavu ukiweza zirudishe, fedha hizo mnunulie miwani ya karakana inayofunika na pembeni, pamoja na barakoa, kwa sababu vumbi la jiwe na la chuma huingia kifuani bila ya mtu kuhisi. Kisha siku moja mkae naye mtazame kama kifuniko cha jiwe kipo. Vijana huking'oa ili panga refu lipite, na hapo gombana naye, nami nitakuwa upande wako.

*Rafadha ya mashine yangu ya boti imegonga mwamba, bawa moja limepata meno. Ni ya alumini. Naweza kuisawazisha kwenye jiwe la kijivu la grenda?*

*Nahodha, Nungwi*

Usifanye hivyo, nahodha. Alumini ni laini, huyeyuka usoni mwa jiwe na kuziba matundu yaliyo kati ya chembe. Jiwe lililozibwa halikati tena, husugua tu. Wewe utazidi kugandamiza, moto utapanda, na jiwe linaweza kupasuka. Shaba nyeupe na shaba nyekundu zina tabia hiyo hiyo, na mbao pia. Tena unga wa alumini ukikutana na cheche za chuma unaweza kuwaka. Tumia tupa yenye meno makubwa, uipake chaki isizibe, umalizie kwa msasa, na bawa lile ulilinganishe na mengine kwa kipande cha kadibodi ulichokatia umbo. Kama jiwe umeshalitumia na unaona madoa yanayong'aa usoni, lipitishe dresa mpaka madoa yote yaishe kabla hujarudi kunolea chuma.

*Diski za kukatia za grenda ya mkono zina tarehe kwenye ile pete ya chuma ya katikati. Ninazo boksi zima zilizopita mwaka mmoja, hazijafunguliwa hata nailoni. Ni hasara kuzitupa. Nizitumie?*

*Fundi bomba, Mkoani*

Zitupe. Jiwe la yule kijana wa Wete ni udongo uliochomwa, likitunzwa pakavu haliozi. Diski zako zimeshikwa kwa gundi ya resini na kitambaa cha nyuzi, na gundi hiyo hunyonya unyevu, sasa fikiria banda la Mkoani miezi ya masika. Ndiyo maana huandikwa mwezi na mwaka, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Hizi hata ukizigonga hazitakupa mlio wa kuaminika, kwa hiyo tarehe ndiyo sikio lako. Na usiziweke jaani zikiwa nzima. Zivunje kila moja vipande viwili kwanza, maana atakayeziokota atafurahi kwa kupata boksi jipya la bure. Nyengine utakazonunua, ziweke zimelala juu ya ubao ulionyooka, ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na ukuta unaotoa unyevu.